Kabla hujamlipa wakala

Doha, Qatar

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mwambie mama mimi mzima, joto tu ndilo linalotutesa. Nashukuru mlango ninaoulinda uko ndani ya jengo. Vijana wa ujenzi sheria inawatoa juani saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni mosi mpaka Septemba 15, kwa hiyo wengi huamka usiku wa manane.

Umeandika kwamba wakala anataka kukuleta kazini huku, ukauliza mshahara. Tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipokupa malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Kima hicho ni kwa mataifa yote. Ukipanda juu yake, kwa ninavyoona mimi, pasipoti husomwa kabla ya cheti.

Lakini hukuuliza lililo kubwa: nani atashika kibali chako cha ukaazi? Ni mwajiri. Yeye ndiye anayekihuisha. Akizembea, mkosaji unaonekana wewe. Zamani, kwa mfumo wa kafala, yaani mwajiri ndiye mdhamini wako, hukuweza kuhama kazi bila barua yake, wala kutoka nchini bila idhini yake. Idhini ya kutoka iliondolewa kwa wengi mwaka 2018, wafanyakazi wa majumbani wakafuata 2020, na mwaka huohuo barua ya kuhama ikafutwa. Ni nafuu kubwa, sikatai. Ila bosi mwenye kinyongo bado anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, nawe ndiye utakayehangaika kujisafisha.

Zaidi ya asilimia 90 ya wanaofanya kazi hapa ni wageni. Raia wengi wako serikalini. Basi hatumpokonyi mtu kazi, lakini pia hakuna anayetutarajia tuzeekee hapa. Kazi ikiisha, na ukaazi unaisha. Mama aliyelea watoto wa watu miaka 20 hufunga begi sawa na aliyekuja juzi.

Na huyo wakala anayetaka pesa? Sheria ya hapa inamkataza wakala wa Qatar kumtoza mfanyakazi. Wa huko yuko mbali na mkono wake, naye analijua hilo.

Usilipe chochote kwanza. Nitumie picha za mkataba, kurasa zote, nione jina la mwajiri na kazi iliyoandikwa. Nitaulizia kambini kama kuna anayemfahamu, kisha nikupigie Ijumaa.

Dada yako