Kushusha mashine Jumamosi, Mtera

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi saa 2 asubuhi tunashusha ile mashine ya boti ya hp 15 (ile inayofungwa nyuma ya boti) na kuipandisha kwenye stendi.

Kabla ya kuitoa majini, chomoeni mpira wa mafuta mkaiache iungurume hadi izime yenyewe. Petroli yenye oili ikikaukia kwenye kabureta huacha utando unaoziba jeti (vitundu vidogo vya kupitishia mafuta), na kuwasha tena ni kazi. Kamba ya usalama ifungwe kwanza, ndipo skrubu mbili za kubania mashine kwenye boti zilegezwe kwa zamu. Zikigoma, oili ya kupenyeza, si nyundo.

Wanyanyuaji wawili, ni kama kilo 40. Isimame wima maji yatoke yote. Msiilaze kichwa kikiwa chini kuliko pangaboi: maji yaliyobaki kwenye ekzosi hurudi kwenye silinda, kutu inaanza.

Fundi wa stendi, ubao wa juu uwe wa inchi 2, kimo sentimita 80, pangaboi lisiguse chini. Miguu ipanuke, maana uzito wote uko juu. Skrubu zikazwe tena baada ya saa moja, mbao hubonyea.

Nani ana spana ya plagi?