Ufunguo uliokatikia ndani ya swichi usitolewe kwa gundi

Mhariri,

Katika safu yenu ya magari, msomaji aliyeuliza afanye nini baada ya ufunguo wake kukatikia ndani ya swichi ya kuwashia gari alijibiwa kwamba apake tone la gundi kali kwenye ncha ya njiti, aigusishe kwenye kipande kilichobaki ndani, asubiri ikauke, kisha avute. Mimi ni fundi wa makufuli ya magari, na ninaandika kuomba ushauri huo urekebishwe mapema, kwa kuwa umechapishwa mahali ambapo wenye magari wengi huuamini na kuutunza kwa ajili ya siku ya shida.

Gundi ya aina hiyo ni nyepesi karibu kama maji, na kazi yake ni kupenya katika nafasi finyu na kuganda kwa sekunde chache. Tundu la ufunguo limejaa nafasi finyu. Tone likiguswa tu na chuma huteleza pembeni mwa kipande, likaingia kwenye vijibamba na springi zilizomo ndani ya silinda, yaani sehemu ya swichi inayozunguka pamoja na ufunguo, na hapo mwenye gari anakuwa amebandika kipande cha ufunguo kwenye kufuli badala ya kukibandika kwenye njiti. Kilichokuwa kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye kifaa sahihi kinageuka kuwa kazi ya kufungua mfuniko wa usukani na kubadilisha silinda nzima. Vimiminika vinavyoyeyusha gundi hiyo navyo vina madhara, kwani huweza kuharibu plastiki zilizoizunguka swichi, na kuvimimina ndani ya tundu hakuhakikishi kwamba vitafika pale gundi ilipogandia.

Kasoro kubwa zaidi ya jibu lile, hata hivyo, ni kwamba halikumuuliza msomaji swali ambalo kila fundi wa makufuli huanza nalo: swichi ilikuwa imesimama wapi ufunguo ulipokatika? Bila kujua hilo, hakuna mbinu itakayofaa, iwe ya gundi, ya koleo au ya kifaa cha fundi.

Ndani ya silinda ya swichi kumepangwa vijibamba vyembamba vya chuma, kila kimoja kikisukumwa na springi yake. Ufunguo usipokuwemo, vijibamba hivyo huchomoza nje ya silinda na kuingia katika mifereji ya nyumba yake, yaani gamba lisilozunguka, na ndivyo vinavyoizuia isizunguke. Ufunguo sahihi unapoingizwa, meno yake huviweka vyote katika usawa mmoja ndani ya silinda, nayo ikawa huru kuzunguka. Silinda inapokuwa katika alama ya LOCK, mifereji ile ipo mbele ya vijibamba, kwa hiyo vinaweza kupanda na kushuka huku ufunguo ukipita kati yake. Ndiyo maana ufunguo huingia na kutoka hapo. Silinda ikishazungushwa kwenda ACC (umeme wa vifaa kama redio) au ON (gari limewashwa), vijibamba huwa vimezingirwa na ukuta mtupu pande zote, havina pa kwenda, na hivyo huyang'ang'ania meno ya ufunguo. Kipande kilichokatika katika hali hiyo hakitoki hata kikivutwa na mtu mwenye nguvu kiasi gani. Kitakachotokea ni kupinda kwa vijibamba, kukatika kwa kifaa cha kuvutia, au kipande kuvunjika mara ya pili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuirudisha silinda katika LOCK, na mara nyingi hilo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kipande kikiwa bado kimekaa mahali pake, vijibamba vyote vimo katika usawa unaotakiwa, kwa hiyo silinda iko huru kuzunguka. Inahitaji tu kitu cha kuishika. Bisibisi bapa ndogo ikiwekwa kwenye mdomo wa tundu, au kichwa cha ufunguo kilichobaki mkononi kikigusishwa kwenye kipande cha ndani kadiri kilivyokatika, hutosha kuizungusha taratibu bila kukisukuma kipande ndani. Gari liwe limesimama kabisa na breki ya mkono imevutwa. Katika magari mengi yenye gia za kujiendesha, mkono wa gia lazima uwe kwenye P, yaani gia ya kuegesha, la sivyo silinda haitakubali kufika LOCK. Nimewaona watu wakihangaika na bisibisi kwa muda mrefu kwa sababu tu ya gia, hadi wakakwaruza mdomo wa tundu usiweze kupokea ufunguo mwingine.

Ufunguo ukikatika huku injini inanguruma, usizime papo hapo ikiwa gari liko mahali pa hatari. Injini haitegemei kichwa cha ufunguo kubaki mahali pake ili iendelee kufanya kazi. Lifikishe gari kwanza mahali salama, lisimame, ndipo uizungushe silinda kuizima. Na kamwe, gari likiwa katika mwendo, mtu asijaribu kuichezea silinda, kwa sababu ikifika LOCK kufuli la usukani linaweza kuingia na usukani ukagoma kugeuka. Wako pia wanaoshauri kuchomoa betri ili injini izimike. Huo ni ushauri mbaya, kwani kuchomoa betri wakati altaneta inazalisha umeme kunaweza kurusha volti kubwa ghafla na kuunguza vifaa vya kielektroniki vya gari. Betri ichomolewe injini ikiwa imezimika, hasa pale silinda inapokataa kurudi kutoka ON na umeme unaendelea kutumika.

Silinda ikishafika LOCK, ndipo uvutaji uanze. Kama ncha ya kipande imechomoza nje, hata kidogo, kibano chembamba au koleo lenye mdomo mwembamba linatosha, mradi libane bila kusukuma. Kama hakuna kilichochomoza, kinachohitajika ni kifaa chembamba cha chuma chenye kijino mwishoni, ambacho hupitishwa kando ya kipande, upande wa meno yake, kikazungushwa kidogo ili kijino kinase, kisha kikavutwa kwa mkono mwepesi. Asiye nacho anaweza kutumia wembe mwembamba sana wa msumeno ule wa kukatia nakshi za mbao, ilimradi meno ya wembe yaelekee kwa anayevuta. Funguo za kisasa zenye mfereji uliochongwa ubavuni zinahitaji kijino kipite katika mfereji huo, si kwenye ukingo. Subira inahitajika hapa, kwa sababu kipande hutoka kwa hatua ndogo ndogo, kila hatua kikiruka kijibamba kimoja, na mara nyingine hurudi nyuma. Unga kidogo wa grafiti, au dawa ya kulainishia yenye silikoni, ukitangulia kuingia kwenye tundu, springi hulegea na kazi hupungua. Mafuta ya injini na grisi havifai, kwa kuwa hunasa vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta ndani ya silinda huwa utope utakaoikwamisha siku za mbele.

Sumaku, ambayo baadhi ya watu huipendekeza kwa ujasiri mkubwa, haisaidii, kwa kuwa funguo nyingi hutengenezwa kwa shaba nyeupe au shaba ya njano, na madini hayo hayavutwi na sumaku. Kuingiza ufunguo wa akiba ili "kukisukuma" kipande hukipeleka ndani zaidi. Kutoboa kwa drili kuachwe kwa fundi aliyekwisha kuamua kwamba silinda inatupwa. Nyundo isikaribie usukani hata kidogo, kwani mfuko wa hewa wa dereva umo humo, na yeyote anayefungua mifuniko ya eneo hilo anapaswa kwanza kuchomoa waya hasi wa betri na kusubiri muda ulioelekezwa na mtengenezaji wa gari.

Jambo jingine linanisumbua zaidi ya hayo. Kwa kuwa silinda huweza kuzunguka kwa bisibisi wakati kipande kimo ndani, wapo madereva wanaogundua hivyo na kuamua kuendelea kutumia gari kwa siku nyingi, kipande kikiwa ndani na bisibisi ikiwa mfukoni. Gari la namna hiyo halina kufuli tena. Katika magari ambayo ufunguo wake hauna chipu ya kuzuia wizi, yeyote mwenye bisibisi ni mwenye gari. Zaidi ya hapo, kipande kisicho na kichwa cha kukishika husogea kidogo kidogo kwa mtikisiko wa barabara, na kikisogea nusu ya jino vijibamba huachana na usawa wao, silinda ikagoma, huenda mahali ambapo dereva hana msaada.

Ningependa pia safu yenu ieleze kwa nini ufunguo hukatika, kwa sababu ni nadra ukatike bila kutoa taarifa. Sababu moja ninaikuta mara kwa mara. Dereva anapochomoa ufunguo huku magurudumu yamekunjwa au yameegemea ukingo wa barabara, pini ya kufuli la usukani hubanwa kwa nguvu za magurudumu hayo. Anaporudi na kuzungusha ufunguo, unagoma; anaongeza nguvu, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye shingo ya ufunguo, mahali palipo pembamba kuliko kwingine. Dawa yake ni kuutikisa usukani kushoto na kulia kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukizungusha ufunguo pasipo kuulazimisha. Pini ikilegea, ufunguo huzunguka wenyewe. Shule za udereva zingelifundisha jambo hili katika somo la kwanza, funguo nyingi zingesalimika.

Sababu ya pili ni uzito. Rundo la funguo za nyumba, kifungulio cha chupa, tochi na mapambo vyote vikining'inia kwenye ufunguo wa gari hutikisika kila gari linapopita shimoni, na mtikisiko huo husugua vijibamba na kuichosha shingo ya ufunguo. Uzito huo una hatari nyingine iliyothibitishwa wazi: mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita magari takriban milioni 2.6 yarudishwe kutengenezwa kwa sababu swichi zake zilikuwa legevu kiasi kwamba uzito au mtikisiko uliweza kuziteremsha kutoka ON hadi ACC gari likiwa katika mwendo, injini ikazimika na mifuko ya hewa ikakosa umeme. Wakati wakisubiri matengenezo, wenye magari hayo waliagizwa waendeshe wakiwa na ufunguo wa gari peke yake, bila kitu kingine chochote kwenye pete. Kasoro ilikuwa ya swichi, si ya madereva, lakini agizo lile lingefaa gari lolote linalotumia ufunguo wa kuzungusha.

Vipande vyote viwili vya ufunguo uliokatika vitunzwe. Fundi huweza kuviunganisha kama picha iliyochanika na kuchonga mpya kwa kuvifuata, ingawa njia iliyo bora ni kuchonga kwa namba ya siri ya ufunguo, ambayo mara nyingi huwa kwenye kibati kidogo kinachokuja na gari likiwa jipya. Ufunguo uliotumika miaka mingi umelika, na nakala yake hurithi kulika huko, ilhali namba hurudisha vipimo vya awali. Kuchomelea vipande ili kuokoa muda hakufai, kwani tofauti ya sehemu ndogo ya milimita katika urefu hutosha kuvifanya vijibamba visikae sawa, na palipochomelewa ndipo patakapokatika tena, safari hii pengine ndani zaidi. Kichwa kisitupwe kwa sababu nyingine pia: katika magari mengi kinabeba chipu inayotambuliwa na kompyuta ya gari. Uingereza, kwa mfano, iliifanya mifumo hiyo ya kuzuia wizi kuwa ya lazima kwa magari mapya tangu Oktoba 1998. Ufunguo wa chuma pekee utaizungusha swichi ya gari la namna hiyo, lakini injini haitawaka hadi chipu iwe karibu au mpya isajiliwe.

Naomba, Mhariri, marekebisho yachapwe katika safu ileile na kwa ukubwa uleule wa jibu la awali. Na msomaji aliyeuliza aongezewe jambo ambalo hakuliuliza: kama swichi yake ilikuwa ngumu kuzunguka kwa muda kabla ya ufunguo kukatika, kutoa kipande hakutatosha. Silinda isafishwe na vijibamba vikaguliwe kabla ufunguo mpya haujaingizwa humo.

Wako,
Fundi wa makufuli ya magari