Maumivu ya kifua yapimwe kabla ya kupewa dawa ya tumbo

Mhariri,

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Nairobi iweke mashine za ECG, zinazopima umeme wa moyo, katika vituo vya afya vya mitaani, hasa vinavyofunguliwa usiku, na iwafunze wahudumu kuzitumia. Watu wetu wanapoteza saa za thamani wakimeza dawa za asidi huku moyo ndio unaougua.

Mishipa inayoulisha moyo huziba polepole. Mafuta hujijenga kwenye kuta zake miaka nenda miaka rudi, yakichochewa na presha, sukari na sigara, na mtu asihisi lolote, au abanwe kifua anapopanda ngazi tu kisha apate nafuu akipumzika. Utando huo wa mafuta ukipasuka, damu huganda hapo hapo na kufunga njia. Misuli iliyokosa damu huanza kufa, na ikishakufa haimei tena. Ndiyo maana miongozo ya tiba hutaka mwenye maumivu ya kifua apimwe ECG ndani ya dakika 10 baada ya kufika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na hufaa zaidi katika saa za mwanzo.

Jirani yangu hapa Umoja, mama muuza mboga mwenye ugonjwa wa sukari, alishikwa jioni moja na kichefuchefu, jasho na uchovu wa ghafla, kifua kikimbana kidogo tu. Wanawake na wenye kisukari wengi hushikwa hivyo, bila yale maumivu makali yanayoshuka mkono wa kushoto. Duka la dawa lilimpa dawa ya vidonda vya tumbo. Zahanati ikampima presha na malaria, ikamrudisha nyumbani. Alipofikishwa hospitali kubwa kesho yake, sehemu ya moyo ilikuwa imekwisha kufa.

Leo moyo wake ni dhaifu, hausukumi damu vizuri, na miguu yake huvimba kila jioni. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo hubaki. Hulala ameegemea mito kwa kuwa akilala chali pumzi humkatika. Kupanda hadi ghorofa ya tatu anakoishi ni kazi ya kupumzika njiani mara kwa mara. Kibanda sasa kinaendeshwa na bintiye, aliyeacha chuo. Inaniuma sana kuona hayo.

Hata wanaobahatika kuzibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kibomba kidogo cha kuushikilia wazi, hawajamaliza safari. Kwa kawaida hutakiwa kumeza dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, mara nyingi mwaka mzima, na anayekatisha kwa kukosa pesa mshipa wake huweza kuziba tena, tena ghafla.

ECG ni mashine ndogo inayobebeka. Muuguzi aliyefunzwa huitumia kupima, akaipiga picha karatasi na kumtumia daktari kwa simu. Ni kweli kipimo cha kwanza kinaweza kuonekana safi. Hurudiwa, pamoja na kile cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia. Lakini bila hata hicho cha kwanza, mhudumu hubaki akikisia.

Wenye maduka ya dawa nao waulize kabla ya kuuza: una sukari? Una presha? Unatokwa jasho? Nao wawakilishi wadi wetu wapite vituoni mwao waulize mashine iko wapi, na kama ina karatasi.

Mkazi wa Umoja,
Nairobi