Shangazi, babu mdogo hakukimbia

Shangazi shikamoo,

Voisi zako zote tatu nimezisikiliza kwa basi nikitoka shifti ya usiku. Pesa za mabati nitatuma ijumaa usiwe na wasiwasi, lakini hilo la kuuza shamba la babu mdogo ati halina mwenyewe, hapo nakataa kabisa, na Ami amwambie huyo dalali asirudi tena pale.

Tangu utotoni namsikia Ami akisema babu mdogo alitoroka jeshi akaoa huko Seiloni, Sri Lanka ya leo, akasahau kwao. Hata kwenye arusi juzi akarudia, watu wakacheka, na wewe ukanyamaza shangazi, hilo limenikaa. Basi nimetafuta. Ofu zangu mbili nimekesha kwa kompyuta mpaka nikalipata jina lake kwenye orodha ya askari waliokufa vitani, wamekosea herufi moja tu lakini la babake liko na la kwetu liko. East African Artillery, kikosi cha mizinga, tarehe 12/2/1944. Seiloni hakufika.

Meli yao ilikuwa Khedive Ismail, ilitoka Mombasa kwenda Colombo, maana Wajapani walikuwa wanapiganwa Burma. Karibu na Maldives nyambizi ya Kijapani ikaipiga topido, na shangazi, dakika mbili tu imeshazama, dakika mbili! Walikufa karibu watu 1,300, wengi ni askari wetu, na wauguzi wanawake walikuwemo, hapo niliacha kusoma kwanza. Waliotoka wakawa wanaelea, na manowari za Waingereza zikiiwinda ile nyambizi zikatupa mabomu majini palepale walipo. Wenzao wenyewe.

Kijana wa miaka 19 ambaye chifu alimwandika kwa vile nyumba yetu ilikuwa na wavulana wawili. Mkubwa akaachwa, ndio tukazaliwa sisi wote, na Ami pia.

Kile kikebe cha kipande, kitambulisho cha ukoloni, alichomwachia mamake, kile bibi akitilia ugoro, kiko? Ubavuni kilikuwa na kibonyeo, kidole changu cha gumba kikiingia sawasawa. Usimpe mtu.

Mimi huku mzima, baridi tu. Nimepandishwa, sasa usiku wodi nzima iko chini yangu, wazungu wanakuja kuniuliza mimi, mwambie Ami na hilo. Jana nilipika samaki wa kupaka kwa tui la kopo, nikala tonge mbili nikaacha, nikalia kama mtoto.

Juu ya pesa za mabati nimeongeza nauli yako na ya Ami, mwende Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road. Kuna mnara wa majina ya wasio na kaburi, wale wa meli hiyo wamo. Ami alisome jina la babu mdogo kwa mdomo wake. Mkirudi msomeni hitima, mchele na mbuzi ni mimi.

Mkifika pale nipigie video, hata nikiwa nimelala nitaamka.

Mwanao, Leeds