Pipi na chokoleti za sherehe ya watoto

Habari zenu wapendwa. Sherehe ni Jumamosi hii saa nane mchana, kwenye ukumbi wetu wa Ntinda. Tuna mtoto mwenye mzio wa maziwa na mwingine wa karanga, kwa hiyo:

1. Mchango ni shilingi 15,000 kila familia, kwenye simu ya mhazini, mwisho Alhamisi jioni.
2. Wanunuzi wa chokoleti, someni viambato vyote. Hata ile nyeusi mara nyingi hutengenezwa kwenye mashine za chokoleti ya maziwa. Ikiandikwa huenda ina maziwa au karanga, iacheni dukani.
3. Kashata ziwe za nazi tu, na sufuria isiwe iliyokaangiwa karanga, tafadhali sana.

Natamani watoto wote wale sinia moja bila mzazi kuogopa. Thibitisheni hapa, pamoja na idadi ya watoto, kabla ya kesho usiku.