Barua ya wazi kwa kaka yangu: stout ni bia ya makuli

Kaka,

Salamu nilikutumia kwenye simu, ukazisoma ukanyamaza. Basi nakuandikia hapa, kwa kuwa najua shemeji hupitia blogu hii na atakuonyesha.

Ulichoandika kwenye kundi la familia Jumapili kimeniuma. Uliweka picha ya glasi yako nyeusi pale hotelini, ukaandika kwamba stout ni kinywaji cha waungwana wa Ireland, kwamba jina lenyewe maana yake ni mtu mnene aliyeshiba, na kwamba niache kuichanganya na "mambo ya bandarini". Kaka, mimi ndiye ninayeishi Cork, huku huku Ireland. Wazee ninaowatunza kazini wameinywa bia hii tangu ujana wao. Acha nikueleze jina hilo lilikotoka, kisha tuzungumze habari ya Mzee, baba yetu, maana najua na wewe unajua kwamba hatugombani kwa ajili ya bia.

Neno hilo, kabla halijawa la unene, lilikuwa la ushupavu. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale, na mtu aliyeitwa stout alikuwa jasiri, mwenye fahari, asiyerudi nyuma. Baadaye likapewa bia, bia yoyote ile mradi iwe kali. Ipo barua ya mwaka 1677 inayolitaja tayari kama kinywaji, na wakati huo hii bia yako nyeusi haikuwa imezaliwa. Kulikuwa hata na stout ya rangi hafifu. Watu waliangalia nguvu, hawakuangalia weusi. Huo unene unaousema ulikuja nyuma kabisa.

Sasa sikiliza. Kufikia miaka ya 1720, London kulikuwa na bia ya hudhurungi, chungu, iliyopendwa sana na wachukuzi. Mji ule ulijaa watu wa mizigo, mitaani na kando ya mto Thames, wakishusha melini makaa, nafaka na chumvi, wengine wamevaa beji kuonyesha kwamba wana kibali cha kazi. Kwa Kiingereza mchukuzi ni porter, na bia ikaitwa kwa jina lao. Mswisi mmoja, César de Saussure, aliyekuwa akiishi huko, aliandika mwaka 1726 kwamba bia hiyo inaitwa porter kwa kuwa wanaoinywa zaidi ni watu wa kazi. Ile kali kuliko nyenzake ikaitwa stout porter. Hilo ndilo jina kamili la kitu ulichokuwa umekishika mkononi, Kaka: kuli shupavu.

Kwa meli ikavuka hadi Dublin. Arthur Guinness, yule aliyekodi kiwanda cha St. James's Gate tarehe 31 Desemba 1759 kwa miaka 9,000, kwa pauni 45 kila mwaka, alianza kwa kupika ale tu, yaani bia ya aina nyingine. Porter ya London ndiyo iliyokuwa ikiuzika. Mwaka 1778 naye akaanza kuipika, na 1799 akaachana na ale kabisa. Hapa Cork, Beamish na Crawford walianza mwaka 1792, Murphy akafuata 1856, na wazee wangu hawana haja na Guinness, hata usijaribu kuwabishia. Weusi wenyewe uliletwa na Mwingereza Daniel Wheeler, aliyepata hataza mwaka 1817 ya pipa la chuma la kukaangia kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, kikawa cheusi kama buni iliyoiva motoni. Mzee alibeba kahawa mgongoni maisha yake yote, na jioni akanywa shayiri iliyokaangwa vivyo hivyo. Ningependa sana angejua hili. Angecheka mpaka akohoe.

Kwa miaka mingi Waairishi walikuwa nazo zote mbili, porter nyepesi ya bei nafuu na stout ya mwenye pesa kidogo zaidi. Ile nyepesi ikapungua, ikapungua, na katika miaka ya 1970 Guinness wakaacha kuipika. Ikabaki stout peke yake. Ushupavu ukabaki kwenye jina, mchukuzi akaondolewa.

Na wewe umemfanyia Mzee jambo lile lile.

Nilitazama mazishi ya baba yangu kwenye simu, nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo kazini, binamu kashika simu mkono unatetemeka. Nilikusikia ukisoma wasifu. "Alihudumu bandarini Mombasa kama afisa wa usafirishaji." Afisa! Nikadhani nimesikia vibaya, mtandao ulikuwa unakatika. Kisha yule mzee mwenzake wa Likoni akasimama, na kanzu yake ile ya Idi, mkononi ana kulabu ya Baba ya kuinulia magunia, ile ya mpini wa mti uliofungwa mpira wa baiskeli. Alikuja nayo mpaka Taita kwa matatu ili aiweke juu ya jeneza. Aliifuta kwanza kwenye nguo yake. Nawe ukamshika kiwiko, ukatabasamu kwa ajili ya wageni, ukamwambia, "Mzee, keti, ratiba imebana." Akaketi. Binamu alisahau kugeuza simu, kwa hiyo nilimwona namna alivyoiweka ile kulabu mapajani na kuifunika kwa viganja vyote viwili.

Najua utasema kulikuwa na pasta, kulikuwa na wakwe, kulikuwa na wakubwa wako wa kazini waliosafiri kutoka Nairobi. Chupa ya stout iliyoondolewa mezani naielewa, mbele ya pasta hata mimi ningeiondoa. Kulabu je? Ilikuwa na dhambi gani?

Kaka, wewe ndiye uliyekuwa ukimkanda. Mimi nilikuwa mdogo, nilishika taa tu. Unalikumbuka lile bega la kulia, sugu iliyokuwa ngumu hata mafuta ya nazi yanateleza juu bila kuingia? Magunia ya kahawa, kilo 60 moja, melini kutwa. Siku ya mshahara ananunua chupa moja, moja tu, moto, hataki ya friji. Anaimimina kwenye kikombe cha bati, anaisimamisha povu litulie, kisha anamalizia. Hatukuruhusiwa kuzungumza povu likiwa linashuka. Nilipokuja huku nikaona wahudumu wa baa wanajaza glasi robo tatu, wanaiweka kando, viputo vinashuka ukutani mwa glasi badala ya kupanda, kila mtu anangoja, kisha ndipo wanaijaza. Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya watu. Huku wanasema ndiyo desturi. Mzee hakufundishwa na mtu.

Karo yako ya chuo ilitoka kwenye bega lile. Yangu pia, ingawa mimi niliishia cheti. Sikulaumu kwa kufanikiwa, naomba unielewe. Ulinilipia nauli ya kuja huku na kila nikiomba Mungu nakutaja. Hakuna aliyejivunia kukuona umevaa tai kama mimi. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Ushauri wangu ni mmoja. Nenda Likoni, ukapige hodi kwa yule mzee, ukae naye, usikilize alichotaka kusema siku ile. Usipeleke pesa kwa simu. Nenda kwa miguu yako. Ningekwenda mwenyewe, na hapa najua utaniuliza kwa nini sikuja kuzika. Nimekujibu na bado unawaambia shangazi kwamba nilichagua kazi. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zimekwenda kufanyiwa upya na hazijarudi. Ningetoka, nisingeingia tena, na wewe unajua ni watoto wa nani wanaokula kwa kazi hii. Hema lilitoka wapi? Jeneza je? Sisemi ili unishukuru. Nasema kwa sababu aliyekuwepo siye peke yake aliyezika. Nilimsikiliza Mzee kwa simu kila jioni ya ugonjwa wake, na alipokuwa hajui tena leo ni siku gani, alikuwa bado anawaita wenzake kwa majina, anahesabu magunia, anamwambia mtu fulani ainue kwa miguu asiinue kwa mgongo. Hakuna ofisi hata moja aliyoitaja.

Sasa shangazi ananiambia jiwe la kaburi linachongwa na kwamba umeshaandika maneno. Nimeyaona. Sitachangia jiwe la afisa. Nitalilipia lote, mimi peke yangu, pamoja na usafiri wa kulifikisha juu kule, likiandikwa kwamba alikuwa kuli wa Kilindini. Nimeshazungumza na fundi wa Voi, bei tumeelewana. Ila anangoja neno lako, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na sitaki kukuruka.

Dada yako.