Barua kwa mwanangu: amri ya jeshi na kihenge cha Mgogo

Mvumi, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na bibi yako anaendelea vizuri. Umeniuliza kama jeshi linalokalia nchi ya watu wakati wa vita hubanwa na sheria yoyote, nami nimeona nikujibu kwa habari za huku kwetu, ambazo naamini zinastahili nafasi katika insha yako.

Sheria ipo. Kanuni za The Hague za mwaka 1907, yaani makubaliano ya mataifa kuhusu sheria za vita, zinaliruhusu jeshi kudai vitu na huduma kwa wenyeji, ila kwa kiasi kinacholingana na uwezo wa nchi, tena kwa fedha taslimu, na fedha ikikosekana, kwa stakabadhi. Kanuni hizo zilikuwa na miaka 9 majeshi ya Uingereza yalipoingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuswaga ng'ombe na kukusanya nafaka kwa ajili ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao huku Afrika Mashariki. Waliokuja baada yao nao wakadai ng'ombe, unga na wapagazi, kwa kuwa vita vilikuwa vikiendelea kusini na mizigo ilikwenda kwa vichwa vya watu.

Hapo naomba utulie, mwanangu. Kwa Mgogo, ng'ombe ndiye akiba: mvua ikikataa, hupelekwa kwa wenye nafaka akabadilishwe kwa mtama au uwele. Kwa hiyo amri iliyomtoa zizini ilichukua pamoja naye chakula cha mwaka ambao ulikuwa haujafika, na amri iliyomchukua kijana upagazi wakati wa kulima ikaliacha shamba bila mkono wa kulilima. Jumbe aliyeletewa amri hiyo angekata rufaa wapi? Ukame ulipokuja, watu hawakuwa na cha kubadilisha. Ndiyo Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, inayokadiriwa kuua watu wapatao 30,000 Ugogo, na inaniuma kwamba katika habari za vita vile watu hao hutajwa kwa nadra.

Basi usiishie kuuliza kama stakabadhi ilitolewa. Uliza ni nani aliyeupima uwezo wa nchi kabla ya amri kutiwa saini, na kihenge kilibakiwa na nini.

Ukija likizo tutakwenda kwa wazee wa Mvumi Makulu. Wanayo majina ya waliochukuliwa upagazi wasirudi, nami ningependa uyaandike wakiwa bado hai.

Akupendaye,
Baba yako